Mkono Mtupu

Vua mkono wa kanzu, Mama. Si nusu. Wote.
Nguo huidanganya mashine
kama mizani ya sokoni iliyotiwa kidole.

"Mkono mtupu haulambwi," wasema.
Huu leo utalambwa,
utabanwa kidogo, kisha utaachiwa.

Chooni umekwenda? Nenda kwanza.
Na ile kahawa ya tangawizi, imetimiza nusu saa?
Haijatimiza. Basi tungoje,
tena humu ndani, si dakani,
maana dakani kila apitaye Mkomani
sharti umuulize watu wa kwao,
akijibu vizuri presha yapanda,
akijibu vibaya yapanda zaidi.

Egemea. Kiti cha babu kamba zimelegea
lakini mgongo kingali nao.
Usikunje nne. Nyayo chini. Hazifiki?
Zitulize juu ya mbuzi ya nazi, nimeikunja.
Ukanda vidole viwili juu ya kisugudi.
Mkono juu ya mto, mto juu ya meza,
usiupite moyo, usiwe chini ya moyo.
"Sawa na moyo," warudia taratibu,
kama mtu aliyeokota aya njiani.

Dakika tano, kimya.
Punda wa Shekuwe apita na mchanga,
asimama mlangoni petu, afikiri, aenda zake.
Nabonyeza. Ukanda wavimba, wanguruma —

"Lakini Famau kauza upande wake wa nyumba!"
Mama, usiseme!
"Hata kisima kauza. Kisima cha mamangu."

Mia na sabini na mbili, chini tisini na nane.
Hii si yako, nakwambia. Hii ni ya mjomba.
Kama ile ya hospitali juzi, ya foleni na jua
na yule nesi aliyekuita jina la mtu mwingine.

Tukaanza upya. Mia na arubaini na nane.
Dakika moja. Mia na arubaini na nne.
Ukatoa daftari la wadeni wa viazi karai,
ukaandika mbili zote, tarakimu za chuoni,
asubuhi kabla ya dawa, na nafasi ya jioni,
siku saba, mistari iliyonyooka kuliko yangu.

Kisha ukanitazama.
"Nawe?"
Mimi ndiye mpimaji.
"Mpimaji ana damu ya nini, ya mbuyu?
Ndoo. Kaa hapa."

Nikakaa, kwa kukuridhisha tu.
Ukaniegemeza. Ukaniweka nyayo.
Mkono wangu, sijui lini mara ya mwisho
mtu kuushika bila kuutaka ubebe kitu.
Nikafungua kinywa nikwambie
nalala saa nne, na lile deni la ada,
na huyo Famau alikuja kwangu kwanza.

"Nyamaa," ukasema.

Mia na hamsini na sita. Chini, mia kamili.
Nilidhani utapiga yowe.
Ulingoja dakika moja, macho kwenye saa ya ukutani,
ukabonyeza tena kwa kidole chenye hina,
na tena ukangoja, na nambari haikushuka sana.

"Jana papa alikuwa na chumvi," ukasema.
Alikuwa nayo.
"Kesho hapana. Kesho, kwa daktari."

Ukapiga mstari chini ya wadeni,
ukaandika jina langu kutoka kulia,
ukaacha nafasi ya jioni.