Sentimita Kumi

Walihesabu mabati, wakahesabu mbuzi,
wakahesabu mibuni ya Skolastika Bukuru: mia mbili na kumi na miwili,
yote imelala kichwa chini korongoni
kama watu walioitwa ghafla wakatoka bila viatu.
Udongo hawakuuhesabu.
Karatasi yao haikuwa na safu ya udongo.

Mimi ni mtu wa kitalu. Nilifika siku ya tisa
na mwiko wa mwashi, rula ya shule,
na madumu kumi na mawili ya mawese niliyoyapasua ubavuni.
Mlima Nyakirembe ulikuwa umechanika toka shingoni hadi kiunoni,
mwekundu, mbichi, ukinuka kama chungu kipya.
Chini bado paligunaguna. Usiku vikombe viligongana kabatini,
watoto wa Matyazo wakazoea kulala na kandambili miguuni.

Nikachimba. Sentimita tano. Sentimita kumi.
Nikaandika kwa wino mzito: juu ya ufa, ndani ya ufa, palipofukiwa.
Bukuru amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni:
"Unalipeleka wapi shamba langu, kidogo kidogo namna hiyo?"
Nikamwambia, nakwenda kulimwagilia nione nani yumo.
Akacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi ile.
"Wamo," akasema. "Nani mwingine anajua kunyamaza hivyo?"

Wiki ya pili, kishonanguo. Lazima awe wa kwanza,
huyo hata msibani hufika kabla ya jeneza.
Kisha mnavu. Kisha nyasi nisizozijua,
nyembamba kama sindano za cherehani.
Dumu la saba kimya. La nane kimya.
(Si kila giza lina mimba.)

Dumu la tano, la ndani ya ufa,
pale mlima ulipogeuza tumbo likaona jua,
likatoa jani dogo, chini yake jekundu
kama ulimi wa aliyekula zambarau.
Nikaandika: halijulikani.
Jumamosi Bukuru akaja na ndoo, akainama, akachuma
kabla sijasema usichume,
akatafuna.

"Lengalenga. Ya mama. Ile nyekundu."
Waliiacha na mbegu zake mabuani
mwaka wa sabini na nne, lori lilipokuja kuwahamisha,
yeye na pacha wake Butoyi juu ya magodoro,
mama akitazama nyuma.
Hakulilia nyumba. Alililia mboga.
Waliporudi palikuwa kichaka, halafu kahawa,
halafu kaburi la Butoyi, upande wa mgomba.

Daftari langu lina aina, lina idadi, lina kina.
Sina safu ya miaka hamsini.
Labda ndege aliidondosha juzi tu,
labda ilishuka na maji toka kwa jirani.
Nimeweka alama ya kuuliza
na jina la Bukuru pembeni.

Oktoba imeingia. Kovu limeanza kuota ndevu,
magugu matupu, msitu ni habari ya wengine.
Mibuni haitarudi. Mibuni haikuacha akiba.
Bukuru amefunga mabua matatu kwa uzi wa sweta
asiyaguse mbuzi wala mtaalamu.
"Haya si ya kuliwa," ananiambia. "Ni ya kumwagika."
Jana usiku vikombe viligongana tena, mara mbili.
Aligeukia ukutani, anasema, akalala.