Likizo ya Viazi

Septemba huku kwetu, Maine ya juu kabisa,
shule hufungwa wiki tatu watoto wakavune viazi.
Baridi ikitangulia, viazi huganda ardhini,
na kiazi kilichoganda hakisikii samahani.

Ndiyo maana nilimwita Lucien Thibodeau mwezi wa Machi,
theluji ingali nusu ya dirisha.
Akaja na buti zinazotiririka, akauliza:
"Nimekosa nini, Bi. Ouellette?"
Hujakosa. Keti. Bado miezi ishirini.

Akacheka. Miezi ishirini!
Ana miaka kumi na sita; kwake Ijumaa ni mbali.
Nikamtandazia kalenda, ile ya bure ya duka la mbolea,
tukaichora kwa kalamu nyekundu:
hapa mtihani, na hapa mwingine
endapo wa kwanza utakukataa;
hapa mwalimu wa kemia, umwombe barua
kabla wenzako hawajamzonga;
hapa insha.
Insha ya nini?
Ya wewe.
Akanyamaza kana kwamba nimemwomba figo.

"Mimi sina kisa," akasema. "Sisi tunalima tu."

Sitaki zimamoto katika ofisi hii.
Mimi habari za chuo niliambiwa Januari
na msichana wa dawati la jirani, akitafuna ubani;
mlango ulikuwa umefungwa tangu Novemba.
Sikulia. Nilifungasha viazi miaka minne,
kilo tano, kilo kumi, kilo tano,
nikijifunza uzito wa tarehe.

Insha yake ya kwanza: *Tangu utotoni nimependa uongozi.*
Nikaikata.
Ya pili ilikuwa ya kwanza iliyovaa tai.
Ya tatu aliiandika nyuma ya risiti ya mbegu:
usiku, juu ya mashine ya kuvunia,
viazi vinapita mbele yake kwenye mkanda,
naye anaokota mawe yaliyojificha humo,
na mkono, aliandika, hulijua jiwe
kabla jicho halijalijua.
Nikaifunika kalamu nyekundu.

Kisha akaja baba yake, Armand, kofia mkononi,
kwa ajili ya fomu ya msaada wa karo.
Mapato ya mwaka?
Akafikiri sana, akaandika: *Inategemea mvua.*
Nilijua haitakubalika.
Nilikaa nayo kitambo kabla sijaifuta.

Lucien alituma maombi tarehe tisa Oktoba,
kutoka ndani ya lori, akiinua simu juu
kuusaka mtandao,
siku ishirini na tatu kabla ya mwisho.
Akanipigia. "Sasa nifanye nini?"
Sasa rudi shambani, nikamwambia,
wametangaza baridi usiku huu.

Atajibiwa au hatajibiwa; hilo si langu.
Ila leo asubuhi koridoni
nimemwona mdogo wake, Odile, wa darasa la tisa,
ananiona, anageuka,
anajifanya anatafuta kitu kabatini.
Kalenda mpya ninayo kwapani.