Kakali

Jina lake Kakali. Kwa watu wa Tbilisi ni jozi,
ile kokwa ngumu iliyoficha ubongo ndani ya fuvu,
na rangi yake ni hiyo hiyo.
Kwa Kiswahili sina haja ya kutafsiri:
kadogo, na kakali.

Otia alipewa Novemba, ndani ya boksi la betri,
na fundi magari aliyeapa, "Mchukue, hali sana."
Fundi huyo aombe toba.

Wiki ya kwanza: waya wa redio.
Kona ya zulia la marehemu mama.
Miguu mitatu ya kiti (wa nne aliuacha, labda kwa heshima).
Kitabu cha simu ambacho nusu ya waliomo wamekwisha kuzikwa,
alikitafuna toka herufi ya kwanza mpaka kwa daktari wa meno.

Na mkojo. Mkojo chini ya meza, mkojo penye jua,
mkojo vidole viwili kando ya gazeti
alilotandikiwa yeye,
kama mtu anayetia sahihi nje ya mstari.

Samaki mkunje angali mbichi, tuliambiwa.
Waliosema hivyo walikunja samaki,
hawakukunja kitu chenye meno ishirini na manane.

Bi Tsiuri wa ghorofa ya chini ana ushauri:
Akiamka, mtoe. Akila, mtoe.
Akicheza kisha akatulia ghafla, akaanza kuzunguka,
usimalize sentensi uliyoianza. Mtoe.
Usimpige, wala usimsugue pua.
"Kosa halijui. Anajua tu uso wako umebadilika."

Rahisi kusema ukiwa chini.
Otia yuko ya saba, na lifti ya jengo hili
haiendi bila sarafu.
Saa tisa usiku, mtu mzima wa miaka sitini na sita,
koti juu ya pajama, mbwa kwapani,
anapapasa mifuko akitafuta tetri kumi
huku ujoto ukimteremka ubavuni.

Sasa, zile ndara.
Ndara za Lamara, za manyoya, buluu,
zilikaa mlangoni tangu alipokwenda Bari
kumtunza bibi wa watu.
Miaka miwili na miezi mitano.
Otia alifagia akizizunguka.
Hata sakafu ilipopakwa rangi hakuzisogeza.

Jumapili Kakali alizifikia.
Alikutwa katikati ya manyoya
kama aliyeangukiwa na theluji ya buluu,
anatikisa mkia, kazi imemridhisha.
Otia akakaa sakafuni. Hakusema neno.
Mbwa akaja na soli iliyobaki,
akamwekea gotini.

Simu ikalia. Lamara, saa yake ya mapumziko, uso kwenye kioo.
Hujambo? Sijambo. Nyumba? Ipo.
Hiyo sauti ni ya nini, una mbwa?
Mbwa gani?
Na nyuma ya bega lake mbwa-gani akapita
na ndara ya pili mdomoni.

Kimya.
Halafu Lamara akacheka, akacheka
mpaka bibi wa watu akauliza kwa Kiitaliano kuna nini.
"Mwache," akasema akipangusa macho,
"zilikuwa zinanibana."

Pale mlangoni pamebaki nyayo mbili za rangi ya zamani.
Juu yake Otia ameweka bakuli la sarafu.

Jana usiku Kakali alisimama hapo,
akakwaruza mlango mara moja, akageuka kutazama.
Sarafu. Lifti. Ua, taa, theluji changa.
Akazunguka, akazunguka, akafikiri, akazunguka,
akachuchumaa.
Otia akapiga makofi peke yake gizani
kama aliyeona timu yake ikifunga dakika ya mwisho.
Dirisha la Bi Tsiuri likawaka.

Wakapanda juu, wote wawili wanatetemeka.
Na ndani, juu ya zulia la marehemu mama,
Kakali akakojoa tena, kidogo tu,
kwa furaha.