Mkono wa Birika

Malkia wawili mkononi, mmoja wa kopa, mmoja wa shupaza,
na mbele yangu Desanka Vuković
amesukuma sarafu za udongo, za dola arobaini,
taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Chumba cha nyuma ya baa. Butte, Montana. Januari.
Theluji imepanda dirishani hadi kwenye kitasa.
Tierney mgawaji anasubiri, kidole juu ya karata.
Mezani: ghulamu wa uru, saba ya pau, mbili ya kopa.
Hapo hapana cha kumtisha mtu
isipokuwa yeye.

Maana huyu ni mkono wa birika.
Tangu saa moja jioni hadi sasa saa tano
amepandisha dau mara tatu tu,
na mara zote tatu alipofunua
zilikuwa ree mbili, wafalme wawili, ree mbili tena.
Zilizobaki alizitupa kama maganda ya njugu
akaendelea kufuma soksi yake ya kijivu.

Nahesabu. Kuhesabu ni bure.
Ree mbili zaweza kumjia kwa njia sita,
wafalme sita, maghulamu tatu: kumi na tano zinazonila.
Ree na mfalme, njia kumi na sita, hizo nazila mimi.
Kumi na sita kwa kumi na tano!
Na chungu kina themanini, nami nadaiwa arobaini:
nikipatia mara moja katika tatu, sijala hasara.
Hesabu inasema, fuata.

Lakini hesabu haikupanda basi lake la shule.
Mimi nilipanda, miaka saba, kiti cha nne kushoto.
Miaka thelathini na moja aliliendesha lile basi la njano
ukingoni mwa shimo la shaba,
na hakuna aliyemwona akigusa mstari wa katikati.
Kwenye reli alisimama, akafungua mlango, akasikiliza.
Hata ile reli iliyong'olewa, likabaki tuta na magugu,
alisimama, akasikiliza.
Mtu wa namna hiyo hupandisha dau kwa ree na mfalme?
Hupandisha dau kwa matumaini?

Halafu likanijia wazo jingine, likakaa ubavuni kama mwiba.
Bahili ana akiba.
Kila karata aliyoitupa usiku huu ameiweka mahali,
kila "napita" ni senti kibubuni,
na siku akiamua kukivunja
nani mezani atathubutu kumuuliza kapata wapi?
Anaweza kuwa ameshika tisa na nne
na miaka thelathini na moja.

Nikamtazama mikono. Sindano zimetulia.
Zimetulia kwa kuwa amepata, au kwa kuwa anaogopa?
Kahawa imepoa, haijaguswa.
Koti la marehemu mumewe limemteremka bega moja,
hajalipandisha.
Kimya kingi, wanasema. Lakini mshindo wake
siusikii mpaka nilipie.

"Eino," akasema Tierney, "usiku una mwisho."

Nikawageuza malkia wangu, wote wawaone,
nikawasukuma katikati.
Desanka akawatazama kitambo,
kama picha ya watu aliowahi kuwajua,
akachomeka zake chini ya rundo, kifudifudi,
akaokota sindano.

Nje, baridi ya kukata masikio.
Nilimkuta akikwangua barafu kwenye kioo cha gari langu,
lake alikwisha kulikwangua.
"Ulikuwa na nini?"
"Hukulipia."
Akakwangua mpaka kona ya mwisho, akakung'uta kikwangulio.
Kisha, akiwa amenipa mgongo:
"Mwaka wa sabini na nane niliipita taa nyekundu,
basi limejaa pomoni.
Mtoto mmoja alisema kwao.
Alichapwa kwa uongo."