Wawili katika Kumi

Hakuniuliza kazi. Aliuliza umri,
aliuliza kama mguu wa kushoto unakufa ganzi,
kama nikipiga chafya naona nyota.
Naona, Daktari Fonoti. Nyota na vimondo vyake.
Akawasha skrini, mgongo wangu ukajaa ukutani:
pingili zimepangwa kama vikombe kabatini,
na kati ya ile ya nne na ya tano
kitu kimechomoza, uji uliofurika ukingoni mwa sufuria.
"Hiki," akasema, "ndicho kinachoulalia mshipa."

Kidogo hivyo!
Nilidhani ningeonyeshwa shoka.

Miaka ishirini na sita nimeinama.
Kondoo mia mbili na themanini kwa siku, msimu ukikubali,
kila mmoja nimemburuta kinyumenyume hadi ubaoni,
nimemkalisha matako chini kama mteja wa kinyozi,
magoti yamembana, mashine inanguruma,
sufu inamvuka nzima kama koti la mvua.
Watu husema kazi yetu ni mikono. Waongo.
Mikono ni wageni; mwenye nyumba ni kiuno.

Daktari akachora duara kwenye karatasi.
Tundu la kifungo cha koti, si zaidi.
Humo hupita mrija, ndani ya mrija kamera,
na koleo jembamba kama mdomo wa chiriku.
Misuli haikatwi, inasogezwa kando kama pazia.
Ananyofoa kilichomwagika, anatoka, plasta moja,
na jioni hiyohiyo huenda nikalala kwangu.
Aliyasema haya kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Lakini mimi ni mwana wa Murdoch,
na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Baba walimfungua mwaka nilioanza shule:
kovu toka mbavuni hadi kwenye mkanda wa suruali,
alama za nyuzi huku na huku,
reli kamili na mataruma yake.
Treni haikupita.
Alikaa dirishani akiutazama mto Mataura
mpaka akawa bingwa wa kutabiri mvua.

"Hii siyo ile," daktari akasema,
nikajua amekwisha kuwaambia hivyo
wana wa akina Murdoch wote wa kusini.
Wangapi wanapona?
"Mguu hutulia kwa wanane katika kumi.
Mgongo wenyewe, sikuahidi."

Mwingine angesikia wanane.
Mimi nimeishi zizini, nahesabu waliobaki ndani.
Wawili wale nawajua:
wamesimama pembeni, mmoja kaniangalia,
mwingine anaangalia ukuta,
na hao ndio wanaokuvunja saa kumi na moja jioni.

Njiani kutoka Dunedin Ngaire alinyamaza hadi Balclutha.
Mimi nimelaza kiti, miguu juu ya dashibodi,
mfalme mpumbavu.
"Ipo ya tatu," akasema. "Umeisahau."
Kungoja. Kweli, daktari aliitaja:
wiki sita za mazoezi, pengine sindano;
mara nyingine kilichomwagika hunywea chenyewe.
"Ila mguu ukianza kuburuta, au mkojo ukigoma,
usingoje miadi. Njoo usiku huohuo."

Basi nangoja. Au naogopa;
kwa nje vinafanana, vyote viwili vinalala chali.

Leo asubuhi nimekaa ukingoni mwa kitanda na soksi.
Ya kushoto. Ya sufu, pengine ya kondoo niliyemkalisha mwenyewe.
Kutoka mkononi hadi kidoleni ni mbali kuliko Dunedin.
Ngaire yuko mlangoni. Anajua kutokusaidia.

Kwenye daftari ninalohesabia kondoo
nimeandika maswali ya kumpelekea Fonoti Jumanne.
La kwanza: je, nitainama tena?
La pili, kwa mwandiko mdogo: je, niiname tena?

La kwanza nimelifuta.
Soksi ningali nayo mkononi.