Kilango

Lilikaa ghalani miaka hamsini na mitatu
chini ya turubai, kuku wakitaga ndani yake.
Mama hakuliita jiko. Aliliita lile.
"Msiende upande wa lile." Nasi hatukwenda.

Machi hii tumemzika Mama,
theluji ingali chafu kandokando ya barabara,
na kesho yake nikaenda upande wa lile.

Mimi Aldona nimeendesha basi la shule miaka ishirini na sita
katika vilima hivi vya Pennsylvania vilivyotobolewa matumbo.
Najua breki, najua grisi, kutu hainitishi.
Skrubu ya kwanza iligoma siku mbili.
Niliinywesha mafuta, nikaipasha moto,
nikaitukana kwa Kilithuania,
lugha ambayo nimebakiwa na matusi yake na sala tu,
ikazunguka.

Mlango. Chanja. Matofali ya moto
yaliyopasuka kama mkate wa juzi.
Vidirisha vya ulanga, vimeungua hadi rangi ya chai.
Nilivipanga juu ya magazeti, nikavipa namba kwa chaki.
Brashi ya waya, msasa, siki kwenye nikeli,
na chini ya kutu likachomoza ua la chuma,
kisha jingine, kisha mwaka: 1897.
Uzuri wote huu, niliwaza, na bado liliua.

Maana liliua. Januari, mwaka uliofungwa mgodi,
mjomba Kazys, miaka kumi na tisa,
alivuta godoro karibu na joto.
Asubuhi mashavu yake yalikuwa mekundu
kama ya mtu aliyetoka kuteleza kwenye barafu.
Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na harufu.
Hewa ile haibishi hodi.

Bibi ndiye aliyefunga kilango cha bomba, Mama alisema,
ili makaa yafike asubuhi.
Alisema hivyo mezani, supu ikipoa,
mpaka Bibi akafa, kisha akaendelea kusema.
Bibi hakuwahi kujibu. Aliongeza chumvi.

Kipande cha bomba la zamani nilikikuta ndani ya tanuri,
kimefungwa gunia.
Nikamulika tochi.
Kilango kimo, kisahani cha chuma kwenye mhimili wake,
kimesimama sambamba na bomba.
Wazi.
Nilikisukuma kwa kidole, kwa bisibisi, kwa nyundo.
Kimegandia wazi.

Huenda mtu alikigusa walipokuwa wanalitoa nje.
Chuma hakili kiapo.

Elwyn Probert, fundi wa madohani, mfupi, mwenye kikohozi,
alishusha kamera yake kutoka juu ya paa.
Tukaangalia pamoja kioo kidogo:
tofali limelala kukingama shimo,
na juu yake kiota, na juu ya kiota kiota.
"Hapa hapapiti hata paka," alisema,
"na si jambo la jana."
Niliketi kwenye ngazi yake. Akajifanya anatafuta koleo.

Tulitia bomba jipya la chuma kisichoshika kutu
ndani ya dohani, kutoka kofia hadi sakafu.
Kila kiungo skrubu tatu. Kila hatua bomba lipande kidogo,
lisilale, wala lisishuke hata unene wa kidole.
Ukuta wa mbao ukae mbali; nyufa zote saruji ya moto.
Kilango cha kufunga nilikikataa.
Aliweka kile kinachojipima chenyewe,
kinachopepesuka upepo ukizidi.
Kengele mbili za hewa ya sumu: moja chini, moja mlangoni pa chumba changu.

Kiberiti mbele ya mlango: mwali uliinamia ndani,
kama mtu anayeitwa jina.
Ndipo nikawasha.
Makaa magumu hayana haraka. Kuni kwanza,
ganzi ya saa nzima, kisha ndimi za bluu
zikatambaa juu ya weusi, fupi, bila sauti.

Usiku huo sikulala. Niliisoma kengele
kila nusu saa: sifuri, sifuri, sifuri.

Alfajiri niliteleka supu ya kabichi juu ya lile,
juu ya jiko.
Nikaonja.
Nikaongeza chumvi.