Makosa: Sufuri

Kompyuta ya kituo cha kupimia mto, hapa Kutaisi,
ni kuukuu, ina sauti ya mtu anayekohoa ndani ya skafu.
Mwezi wa pili nilifuta mfumo wake wa zamani
nikaweka mpya, wa bure, usiodai leseni wala salamu.
Usiku uleule skrini ikaanza kusema:
Kosa la kusoma. Sekta haikujibu. Najaribu tena.
Najaribu tena.

Nikasema, mgeni ndiye mchawi.
Jana diski ilikuwa nzima, leo inaugua;
nani kaingia nyumbani kati ya jana na leo?
Badri, fundi wa redio wa ghorofa ya chini,
alikuja na tochi ya kichwani na mkate wa jibini wa mkewe,
akasema diski ikianza kuomba radhi, inunulie sanda.
Nikanunua diski mpya kwa pesa za kuni.
Nikahamisha yote: miaka thelathini na minne ya kina cha Rioni,
asubuhi na jioni, sentimita kwa sentimita.
Siku mbili kimya.
Ya tatu, saa tisa usiku: Kosa la kusoma.

Basi nikaurudisha mfumo wa zamani
ili nimshike mgeni kwa ushahidi.
Kweli, haukulalamika.
Ila faili la mwaka mmoja lilichukua muda
wa kuchemsha chai, kuinywa, na kuosha kikombe,
na nilipotega sikio kwenye sanduku
nikasikia diski ikigonga, ikirudi, ikigonga,
kama mtu anayetafuta tundu la kitasa gizani
huku mwenye nyumba akiwatuliza wageni: hakuna neno, ni upepo.
Funika kombe, mwanaharamu apite.
Miaka mingapi kombe limefunikwa
na mwanaharamu anayepita ni mimi?

Mfumo mpya umeleta mdomo tu; ugonjwa niliukuta.

Nikauweka tena, nikauacha useme,
asubuhi nikanakili saa za makosa
nyuma ya bahasha ya bili ya gesi.
Siku ya nne nikaona: ni saa za hita.
Kila inapojiwasha, meza hutetemeka kidogo,
si zaidi ya paka anapoota.
Nikafungua sanduku. Waya mwekundu, mwembamba,
umepindwa na mtu aliyekuwa na haraka,
kichwa chake kimelegea kama jino la mtoto.
Mpya, lari sita. Muuzaji akaniongezea pipi.

Nikakagua diski zote mbili, ya kale na ya sasa,
sekta ya kwanza hadi ya mwisho, saa tano nzima.
Makosa: sufuri.

Nikafungua faili kwa raha tu,
kama unavyojaribu mlango uliotoka kuutia mafuta.
Januari, mwaka wa theluji kubwa, zamu ya mzee Otari,
aliyenikabidhi funguo akastaafu kwa maua na hotuba.
Tarehe nane: mia moja kumi na mbili.
Tarehe tisa: mia moja kumi na mbili.
Kumi. Kumi na moja. Asubuhi, jioni, hadi kumi na tisa,
mto umesimama kama picha ukutani.
Na zile ngazi za kushukia kwenye kipimo,
najua zinavyokuwa na barafu;
mimi mwenyewe nimezishuka kwa makalio.

Diski inasoma kila tarakimu bila kusita.
Hita ikajiwasha. Meza ikatetemeka.
Skrini haikusema kitu.